Mlipaji wa Raha

Raha ni kitu ambacho binadamu hukizoea upesi kuliko kitu kingine chochote, na akisha kukizoea hukihesabu kuwa haki yake, na akisha kukihesabu kuwa haki yake hasumbuki tena kuuliza kimetoka wapi wala ni nani anayekilipia. Mtu aliyejifunza kuendesha motokaa katika zama za klachi anakumbuka jinsi mguu wake wa kushoto ulivyokuwa ukifanya kazi ya sulubu katika kila mlima, kila njia panda na kila foleni, ukikanyaga na kuachia, huku mkono ukishindana na gia zilizokataa kuingia. Leo mtu huyo huyo huketi katika gari la otomatiki, akaivuta gia mara moja mpaka kwenye D, akastarehe, na mguu ule wa kushoto ukalala kana kwamba haukuumbwa kwa kazi. Lakini kazi ile haikufa. Kazi haifi kwa sababu mtu ameacha kuifanya. Huhama tu, ikaenda kubebwa na mwingine, na katika gari la otomatiki aliyeirithi ni mafuta mekundu yaliyomo ndani ya giaboksi, nayo hayana sarafu ya kulipia ila moja, nayo ni harara.

Nataka kutafakari juu ya mafuta hayo, na juu ya chombo kidogo cha aluminiamu, kipoza mafuta, ambacho mafundi hukifunga nyuma ya sho ya gari ili kuyatuliza. Ni chombo ambacho aghalabu hakikuja na gari kutoka kiwandani, hakiongezi mbio, hakipambi wajihi wa gari, na aliyekinunua huenda asikione tena maadamu bampa limerudishwa mahali pake. Watu wengi hutoa fedha kwa hiari zao kununua redio, vifuniko vya viti na taa za kung'aa. Ni wachache wanaotoa fedha kwa ajili ya kumpunguzia taabu mtumishi ambaye hawajapata kumwona uso wala kumsikia sauti.

Asili ya jambo hili la kiowevu kubebeshwa kazi ya chuma ni bahari, si barabara. Mwanzoni mwa karne ya 20 wajenzi wa meli walikuwa wamepata mtambo mpya wa mvuke, tabini, uliozunguka kwa kasi kubwa mno, ilhali rafadha ya meli hutaka kuzunguka polepole ili iyashike maji vizuri. Na kupata gia za chuma za kupatanisha viwili hivi, zenye uwezo wa kubeba nguvu nyingi kiasi kile, lilikuwa jambo zito kwa ufundi wa wakati ule. Mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana za meli za Vulcan mjini Stettin, alipata hataza mwaka 1905 kwa tadbiri ya kuondoa chuma katikati na kuweka kiowevu mahali pake: gurudumu moja lenye mapanga, likizungushwa na mtambo, hukivurumisha kiowevu, na kiowevu kile hulipiga gurudumu la pili na kulizungusha, bila magurudumu mawili kugusana hata kidogo. Atakaye kulifahamu jambo hili nyumbani kwake na azikabilishe feni mbili, aiwashe moja na aiache ya pili bila umeme. Ataiona ile isiyo na umeme ikianza kuzunguka kwa upepo wa mwenziwe.

Hikima iliyobuniwa kwa meli haikukawia sana kuingia barabarani. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na mwaka 1948 Buick ikaleta Dynaflow, iliyotumia konveta yenyewe, yaani yale mapanga mawili pamoja na panga la tatu la kuyarudisha majimaji katika mwelekeo wenye faida. Toka hapo mguu wa kushoto ukaanza kustaafu, kwanza Marekani, kisha Japani, na hatimaye kwetu, kwa kuwa magari mengi tunayoyanunua katika pwani hii ni yale yaliyokwisha kutumiwa Japani, yakavushwa bahari, yakashushwa Mombasa na Dar es Salaam usukani ukiwa upande uliotufaa.

Lakini ile feni ya pili, msomaji, haipati kamwe kwenda sawasawa na ya kwanza. Daima iko nyuma yake, na tofauti iliyoko baina ya mwendo wa moja na mwendo wa nyingine haipotei hewani, bali hugeuka joto katika kiowevu kilichoko kati. Gari likiwa limesimama, dereva amekanyaga breki kwa mguu na mafuta kwa mguu, nguvu yote inayoingia katika konveta hutoka kwa sura ya joto, kwa maana hakuna kinachosogea ila mafuta yanayosagana yenyewe kwa yenyewe. Gari likiwa mbio katika barabara tambarare, tofauti ile hupungua sana. Na magari ya zama hizi yana klachi ndogo ndani ya konveta, ambayo Packard iliitangulia mwaka 1949, inayoyafunga mapanga mawili pamoja ili yaende kama kitu kimoja na joto lipungue. Taabu iko baina ya hali hizi mbili, katika mlima mrefu unaopandwa polepole na mzigo nyuma ya lori, ambapo klachi ile hufunguka, injini hulia, gari hutambaa, na mafuta hubeba malipo yote peke yake.

Mkemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alionyesha mwaka 1889 jinsi joto linavyoharakisha mabadiliko ya vitu, na mafundi wa giaboksi, hata wasiopata kulisikia jina lake, wana kanuni ya makisio inayotokana na ukweli huo huo: mafuta yanayofanya kazi katika joto la kama digrii 80 za Selsiasi huishi umri wao wote, na kila yazidishiwapo digrii kama 11 umri huo hukatwa nusu. Basi katika digrii 91 ni nusu, katika 102 ni robo, na katika 113 ni thumni tu. Hapo mafuta huanza kufanya utando mgumu unaong'ang'ania valvu, sili za mpira hukakamaa na kuvujisha mgandamizo, sahani za klachi huteleza kwa kukosa mkazo, na kuteleza huko huzaa joto jingine linalozidisha kuteleza. Mpaka siku moja dereva anavuta gia, injini inanguruma, na gari halina habari.

Waliotengeneza magari hawakughafilika na jambo hili. Ndani ya tangi la rejeta waliweka mrija ambao mafuta ya giaboksi hupitishwa yakapozwa na maji ya injini, nayo ni tadbiri nzuri, kwa kuwa asubuhi ya baridi maji huyapasha mafuta yakalainika, na mchana maji hayo hayo huyapoza. Ila ina mpaka wake: mafuta hayawezi kupoa chini ya maji yanayoyazunguka, na maji ya injini iliyoshika moto yana uharara wa kutosha wenyewe. Aliyelichora gari hakukosea; alipima kwa mizani ya matumizi aliyoyajua. Gari likibadili bara, likabadili barabara, likabadili mzigo, mizani ile haibadiliki pamoja nalo, na tofauti hiyo ndiyo inayokuja kudaiwa kwa mafuta.

Kazi ya kuifuta tofauti hiyo niliishuhudia ikifanywa Tanga, katika gereji iliyo chini ya mwarobaini, juu ya gari la mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akipandisha nazi, chumvi na samaki wakavu Lushoto, na kuteremsha kabichi, karoti na peasi. Anayeijua njia ile anajua kuwa mpaka Mombo gari huenda kwa raha. Hapo ndipo barabara huiacha tambarare na kujinyonganyonga katika ubavu wa Usambara kwa kilomita kama 33, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, mpaka Lushoto iliyo takriban mita 1,400 juu ya bahari. Hakuna mahali pa kwenda mbio, na hakuna mahali pa kupumzika.

"Fundi, gari langu halijakataa kupanda hata siku moja," mama akasema, "wewe wanidai fedha kwa kitu kizima?"

"Likikataa, mama, hutanitafuta mimi," fundi akamjibu. "Utatafuta giaboksi."

Hakumjibu zaidi kwa maneno. Alichukua karatasi nyeupe, akatia tone moja la mafuta mapya kutoka katika galoni, kisha akachomoa kijiti cha kupimia, akadondosha kando yake tone la mafuta yaliyokuwamo katika gari. Tone la kwanza lilitambaa katika karatasi likawa duara jekundu, safi, lenye ukingo mmoja. La pili lilitambaa nusu ya kiasi kile, rangi yake hudhurungi, na katikati likaacha doa jeusi lililokataa kusogea, kwa sababu doa lile halikuwa mafuta bali vumbi la sahani za klachi. Mama aliiinua karatasi akainusa, akasema, "Inanuka moto," na tangu hapo mjadala ukawa ni wa bei tu. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi mtimilifu: mtumishi asiye na ulimi alikuwa amelalamika kwa rangi na kwa harufu muda wote ule, na hakuna aliyemwomba ushahidi wake.

Kazi yenyewe haina miujiza, lakini ina adabu zake. Fundi alibadilisha mafuta na chujio kwanza, kwa kuwa kuyapoza mafuta yaliyokwisha kufa ni kazi bure. Kisha ilimpasa ajue ni mrija upi unaopeleka mafuta katika rejeta na upi unaoyarudisha, na jambo hili hakulikisia, bali aliufungua mmoja, akaweka karai chini ya ncha zote mbili, akamwambia kijana wake, "Washa, mwanangu… zima!" na katika muda huo wa kufumba na kufumbua tulikwisha kuona ni ncha ipi iliyotema. Kipoza kilikuwa kikae katika njia ya kurudi, baada ya rejeta, ili maji yafanye kwanza kazi yao na upepo umalizie, na mafuta yaingie tena katika giaboksi yakiwa baridi kuliko popote katika mzunguko wao. Kukiweka kinyume, yaani kuyapoza kwa upepo na baadaye kuyarudisha katika maji ya moto, ni kumpa mtu maji ya kunywa na kumtoa jasho papo hapo.

Kijana alileta nyuzi za plastiki zinazouzwa pamoja na vipoza vya bei nafuu, zile zinazopitishwa katika mapezi ya kondensa ya kiyoyozi na kukazwa, na fundi akazitupa kando bila ya kumgombeza. Akamwonyesha kuwa plastiki ile, kwa mtikiso wa barabara, husaga mapezi na mirija polepole mpaka ikaitoboa, na mwenye gari akakosa kiyoyozi na mafuta kwa siku moja. Badala yake alikata vipande vya bati gumu, akavikunja kuwa mabano, akayafunga katika chuma cha mbele kwa bolti zenye mipira ya kuzuia mtikiso, akaacha nafasi ya kupitisha kidole baina ya kipoza na kondensa. Mpira wa kupitishia mafuta aliuchagua kwa kuyasoma maandishi yake, maana si kila mpira unaostahimili petroli unastahimili mafuta ya giaboksi yenye moto. Akaupitisha mbali na ekzosi na mbali na kila ukingo wa bati, akakaza vibano, akawasha gari mpaka likashika moto, kisha akavikaza mara ya pili, kwa sababu mpira ukipata joto hulegea katika kibano. Mwisho aliipitisha gia katika kila hatua, akapima mafuta injini ikiunguruma, akaongeza kiasi kilichomezwa na kipoza na mipira, akapangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu na kukitazama kitambaa.

Nikiitazama kazi hiyo niliona kuwa kumpunguzia taabu mtumishi si huruma tupu, ni elimu. Mwenye huruma bila elimu huweza kuzidisha. Mafuta yakipozwa kupita kiasi huwa mazito, gia huingia kwa ukaidi, na asubuhi za mwezi wa Julai huko Usambara, ambako mtu hutembea na sweta, kipoza kikubwa kisicho na kizuizi kingeweza kuwa dhara badala ya dawa. Ndiyo maana wengine hutia valvu inayoyaachia mafuta yapite kando mpaka yapate joto lao. Ihsani nayo ina wastani wake.

Na ziko habari za mafuta haya ambazo zinastahili kuingia katika hesabu. Kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, kimoja katika viungo vyake kilikuwa ni mafuta ya nyangumi, yule yule mwenye kichwa kikubwa anayetoa ambari, ambayo msafiri al-Masudi aliitaja katika karne ya 10 alipoandika juu ya nchi ya Zanji, na ambayo wazee wetu waliiokota pwani na kuiuza ng'ambo kwa bei ya dhahabu. Mafuta yake yalistahimili joto na kuzilainisha sahani za klachi zikashikana bila kishindo. Basi raha ya dereva aliyekuwa akibadili gia bila kuhisi ilikuwa ikilipiwa, kwa sehemu yake, na mnyama aliyechomwa chusa katika bahari ya mbali. Mwaka 1970 Marekani ilimtia nyangumi huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini, mlango wa mafuta yake ukafungwa, na wakemia wakatafuta badala. Lakini badala ya mwanzo iliyotoka General Motors ilikuja kuonekana kuwa inaila lehemu ya viungo katika vipoza vya magari yenyewe, hata ikabidi ichanganywe upya. Mzigo ulioondolewa katika mgongo wa nyangumi ulikuwa umetua juu ya lehemu. Siitaji habari hii kwa kuwalaumu wakemia, kwa kuwa kosa hilo walilirekebisha. Naitaja kwa sababu inaonyesha ugumu wa kumwachilia mlipaji mmoja bila kumfunga mwingine, na kwamba mwenye kutaka kufanya insafu sharti aifuate hesabu mpaka mwisho wake.

Gari lilipokuwa tayari, mama alilizunguka mara moja, akamwuliza fundi, "Sasa naweza kuongeza magunia mawili?"

"Mama," fundi akasema, "nimeyapunguzia mafuta joto tu. Breki ni zile zile, springi zile zile, na sahani zilizolika sikuzirudisha. Ukiteremka usiache gia kwenye D. Vuta kwenye 2, injini ikusaidie kulizuia."

Swali lile la mama, ambalo ningeliuliza mimi na angeliuliza kila mwenye biashara, ndilo hatari iliyojificha katika kila nafuu. Tukimwona mtumishi hahemi tena, hatusemi kuwa amepumzika. Twasema kuwa ana nafasi. Nafuu tuliyompa twaigeuza hoja ya kumbebesha zaidi, na baada ya muda kidogo huwa yuko pale pale alipokuwa, ila sasa anabeba magunia mawili ya ziada na sisi tumekwisha kujisifu kwa kumtendea mema. Kipoza mafuta hakiongezi nguvu ya sahani hata moja wala meno ya gia hata moja. Kinaurudisha umri uliokuwa ukiibwa, basi, na anayeutumia umri huo kwa kuzidisha mzigo ameupokea kwa mkono mmoja na kuutupa kwa mkono wa pili.

Alhasili, simshauri mtu airudie klachi kwa kuionea haya raha yake, wala siamini kuwa mguu uliopumzika ni dhambi. Akili aliyopewa binadamu ni ya kutumiwa, na yule Mjerumani wa Stettin alitenda jema. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na pengine ni kigumu kuliko hicho: kwamba mwenye kustarehe ajue kazi yake aliyoiacha imeangukia wapi, akague hali ya aliyeipokea kabla hajalalamikiwa, ampunguzie kwa kadiri iliyopimwa, na akisha kumpunguzia asiitafute faida mara ya pili katika ule upungufu. Kwa gari, hayo yote ni kijiti cha kupimia, karatasi nyeupe na fundi mwaminifu. Katika nyumba zetu, maduka yetu na mashamba yetu, ambako wanaobeba kazi tulizoziacha wana majina, wana watoto na wana ndimi, na bado hatuwaulizi, hatuna udhuru hata ule wa yule mama, ambaye mtumishi wake hakujaaliwa kusema.